Kibanzi

Kwanza nanawa mikono. Jasho la kiganja ni kutu ya kesho.
Bwana Oraže anasubiri karibu na jiko, kofia magotini,
theluji ya Ferlach ikimyeyukia mabegani.
Bunduki ya marehemu mjomba wake: mtutu mmoja,
risasi moja, na nafasi ya kujuta hakuna.
"Ni ya Struger," anasema. "Jina lipo, limechorwa."
Jina, namwambia, ndilo ninalolisoma mwisho.

Naanza na skrubu.
Fundi wa pupa huziacha zitazame zitakako,
kama watoto wa shule siku ya kupigwa picha.
Hizi zote zimelala kuufuata mtutu,
na midomo yao haijatafunwa na bisibisi ya mtu.
Nashusha wenzo. Kabari inateremka
kama mtoto wa meza aliyerandwa na seremala mwenye wivu.
Napandisha. Tk.
Sauti moja. Zingekuwa mbili, ningeweka kalamu chini.

Buluu ya mtutu si rangi. Ni kutu iliyofugwa:
ikaachwa iote, ikachemshwa, ikasuguliwa, ikaota tena,
siku kumi na moja, labda kumi na mbili.
Nauelekeza dirishani. Kivuli cha fremu
kinatambaa juu ya pande zake nane, kimenyooka.
Tupa ingeteleza popote, kivuli kingeyumba kama mlevi.

Nakshi, basi. Mbuzi mwitu juu ya jabali.
Kwato tatu zinakanyaga; ya nne inaelea.
Mchoraji hakuwahi kupanda Karawanken,
au alipanda akatazama mawingu.
Naandika: *nakshi, wastani.*
Bwana Oraže anakohoa.

Kisha mti. Mjozi wa zamani, rangi ya chai iliyosahaulika,
mishipa yake ikipita shingoni mwa kitako
moja kwa moja, pale inapohitajika nguvu.
Kati ya chuma na mti sipati pa kupenyeza unywele.
Najua ilivyofanywa: chuma kikapakwa masizi ya taa,
kikaubusu mti, patasi ikaondoa palipobusiwa,
mara mia, mara mia mbili, hadi busu likaenea kote.

Nyuma ya kabari, ukucha unagoma.

Macho yangu yamepita hapo mara tatu.
Naleta lenzi, naleta taa.
Kibanzi. Upana wa punje ya mchele, si zaidi,
kimepachikwa mahali patasi ilipozama mno,
mshipa kwa mshipa, giza kwa giza,
hata mti wenyewe, nadhani, haujui ulipojeruhiwa.

"Kasoro?"
"Kasoro."
"Kiasi gani?"
"Mia nne zinapungua. Labda tano."

Nafungua bamba la kitako. Ndani, kwa penseli,
herufi za mtu aliyepuliza vidole kabla ya kuandika:
*Mkono uliteleza. Baridi. Nisamehe. T., 14 Februari.*
Mwaka hakuuweka.
Struger aliitwa Leonhard.
T. ni Tomaž, ni Thekla, ni Tobias, sijui,
mwanagenzi wa kufagia vumbi la chuma na kuchochea jiko,
aliyepekua mabaki ya karakana usiku ngapi
akitafuta kipande chenye mishipa ileile.
Na bwana wake, je, aliona akanyamaza?
Au ukucha wake haukupita hapa?

Katika bunduki hii nzima
hakuna kazi ninayoionea wivu ila hii.

Fomu ina safu ya kasoro na safu ya bei.
Nakiandika kibanzi kwenye safu yake,
kwa maana nalipwa niseme kweli.
Narudisha bamba. Maandishi yanarudi gizani.
Nakaza skrubu mbili, nahakikisha zimelala upande mmoja.

Bwana Oraže anauliza tena habari ya jina.
Naliinamia, nalisoma.
"Limechorwa vizuri," namwambia.